Bahari ya Europa Ilijulikanaje Ilhali Hakuna Chombo Kilichotua Huko?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili hapa Kasarani, Nairobi. Niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha nne kwamba chini ya barafu ya Europa, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii, kuna bahari ya maji ya chumvi. Mmoja wao aliniuliza bahari hiyo ilijulikanaje ilhali hakuna chombo kilichotua wala kutoboa barafu hiyo. Nimesoma kwamba ilijulikana kwa kupima sumaku. Je, mabadiliko hayo ya sumaku hayawezi kuwa yalitokana na upepo wa Jua, au na umeme wa chombo chenyewe? Na darasani niseme nini hasa?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe, na shaka zako mbili ni zile zile ambazo watafiti walilazimika kuziondoa kabla ya kuthubutu kulitaja neno bahari.

Vipimo vyenyewe vilichukuliwa na chombo cha Marekani kiitwacho Galileo, kilichoizunguka Mshtarii kuanzia mwaka 1995 hadi 2003. Kilibeba magnetomita iliyosimamiwa na kundi la Margaret Kivelson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kifaa hicho hakioni maji. Kinapima nguvu na mwelekeo wa uga sumaku mahali pale chombo kinapopita, basi. Kilichokifanya kiweze kutoa habari za kilichofichika chini ya barafu ni namna Mshtarii yenyewe ilivyoumbika: mhimili wa sumaku yake umeinama nyuzi 10 hivi kutoka kwenye mhimili wa kuzunguka kwake, na sayari hiyo hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10. Kwa sababu hiyo Europa hujikuta mara juu ya ikweta ya sumaku ya Mshtarii, mara chini yake, na sehemu ya uga inayoelekea Mshtarii hugeuka upande wa pili kisha ikarudi, kila baada ya saa 11.2. Mabadiliko hayo yana ukubwa wa nanotesla 200 hivi (nanotesla ni kizio cha kupimia nguvu ya uga sumaku), katika uga ambao kwa jumla unazidi 400 kidogo. Ni kiasi kidogo mno, kwani hapo ulipo Kasarani uga wa Dunia unazidi nanotesla 30,000, lakini kinapimika vizuri.

Sasa ikumbuke sheria ya Faraday. Uga unaobadilika ukipita kwenye kitu kinachopitisha umeme, huzalisha mkondo ndani yake, na mkondo huo huunda uga wake wenyewe unaopinga badiliko lililouzaa. Ikiwa ndani ya Europa kuna tabaka linalopitisha umeme, basi mwezi huo lazima uonekane kama sumaku ambayo ncha zake hubadilishana nafasi kila baada ya saa tano na nusu hivi, zikifuata mapigo ya Mshtarii kwa kuyapinga.

Mara za kwanza Galileo ilipopita karibu na Europa, ilikuta dalili za sumaku ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba kila mara Europa ilikuwa upande ule ule wa ikweta ya sumaku, na kwa hiyo haikuwezekana kutofautisha sumaku ya kudumu, iliyotokana na kiini cha chuma, na sumaku iliyozalishwa na uga wa nje. Vipimo hivyo vilikuwa sahihi lakini havikutosha kuamua. Ndipo ikapangwa safari ya Januari 2000, ambapo chombo kilipita kilomita 351 kutoka kwenye uso wa Europa wakati mwezi huo ukiwa upande wa pili. Sumaku ya kudumu ingebaki ilivyokuwa, na ile ya kuzalishwa ingegeuka. Iligeuka. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vilivyofanywa na Galileo, kwa kuwa swali liliulizwa kwa namna ambayo jibu lisingeweza kuegemea pande zote mbili.

Mwanafunzi makini atauliza kama kitu kinachopitisha umeme hakiwezi kuwa kile kiini cha chuma. Mpe hesabu. Uga wa sumaku ya namna hii hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Hata kama kiini kingekuwa na nusu ya nusukipenyo cha Europa, uga wake ungefika juu ukiwa sehemu moja kwa nane tu ya ule ambao tabaka lililo karibu na uso lingeutoa. Uga uliopimwa unakaribia kiwango cha juu kabisa ambacho tabaka la karibu na uso lingeweza kuutoa, kwa hiyo tabaka lenyewe haliwezi kuwa mbali na uso. Barafu ngumu na mawe havipitishi umeme kiasi hicho. Maji yenye chumvi hupitisha.

Kuhusu upepo wa Jua, ni kweli kwamba unavuruga vipimo vingi. Ni mkondo wa protoni na elektroni unaotoka kwenye Jua kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, na mara nyingine hufika hata 800. Mwezi wetu, usio na sumaku ya jumla ya kuukinga, hupigwa nao moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya safari yake. Europa haiko katika hali hiyo. Sumaku ya Mshtarii husukuma upepo huo mbali, na mpaka wake upande wa Jua uko mamilioni ya kilomita kutoka kwenye sayari, ilhali Europa iko umbali wa kilomita 671,000 tu. Upepo wa Jua haufiki pale. Kinachosumbua zaidi ni gesi yenye chaji inayozunguka pamoja na Mshtarii ndani ya mpaka huo wa sumaku yake: inapoikuta Europa hupinda uga na kuongeza kelele kwenye vipimo. Hata hivyo, upindaji huo hauna sababu ya kufuata mapigo ya saa 11.2 kwa usahihi ambao sheria ya Faraday inaudai.

Umeme wa chombo nao ulishughulikiwa mapema. Magnetomita zilifungwa kwenye mlingoti mrefu, nyingine zikiwa kwenye ncha, mita 11 hivi kutoka kwenye kiini cha chombo, na nyingine katikati. Sumaku ya chombo husomeka kwa nguvu zaidi kwenye kifaa cha karibu kuliko cha mbali, na uga wa anga husomeka sawa kwenye vyote viwili, kwa hiyo tofauti ya masomo hufichua kile kinachotoka kwenye chombo. Hili unaweza kulionyesha darasani kwa simu yenye programu ya kusoma kihisi sumaku. Iweke mezani, mbali na chuma, usome. Sehemu nyingi za Nairobi utapata maikrotesla 30 na kitu (maikrotesla moja ni nanotesla 1,000). Kisha leta sumaku ndogo kwenye sentimita 20, uirudishe hadi 40, bila kubadilisha mwelekeo wake. Ukitoa ule uga wa Dunia, ongezeko litakuwa limeshuka karibu mara nane. Hakikisha unapima kutoka pale kihisi kilipo, kwa kawaida karibu na ncha ya juu ya simu, la sivyo hesabu haitakubali.

Kipimo cha Galileo hakisemi bahari ina kina gani. Tabaka jembamba lenye chumvi nyingi na tabaka nene lenye chumvi kidogo huweza kutoa jibu linalofanana katika mapigo ya saa 11.2. Ili kuyatenganisha inabidi kupima pia mapigo ya polepole zaidi, yanayotokana na Europa kuizunguka Mshtarii kwa saa 85, kwani hayo hupenya karibu mara tatu zaidi ndani ya maji. Hiyo ni kazi ya Europa Clipper, iliyorushwa Oktoba 2024 na inayotarajiwa kufika mwaka 2030, ambapo imepangiwa kupita karibu na Europa mara 49.

Kwa hiyo darasani sema hivi: vipimo vinaonyesha tabaka linalopitisha umeme karibu na uso wa Europa, na maelezo yanayolingana navyo vizuri zaidi ni bahari ya maji ya chumvi. Kina chake na kiasi cha chumvi usivitaje kama mambo yaliyopimwa.