Majina yaja leo, hayaondoki leo

SWALI

Shikamoo Fundi. Nina steisheneri yangu Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya 14, kompyuta tatu na mashine moja ya kopi. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: vyeti vya kuzaliwa vya RITA, TIN, maombi ya ajira, na msimu ukifika, mikopo ya elimu ya juu. Hapo foleni hufika mpaka kwa muuza juisi.

Shida yangu ni majina. Nikibofya kwenye kisanduku cha jina nikaandika herufi moja tu, yanashuka majina ya wateja. Kwenye visanduku vingine zinashuka namba zao za simu, hata za NIDA. Nafuta kwenye historia, nahakikisha yameondoka, nafunga duka. Asubuhi nikiwasha, yale yale yamerudi. Nilidhani mdogo wangu ananichezea, nikamnunia siku mbili.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja na fomu ya ajira. Kaandika "M", likashuka jina la mkewe, majina matatu kamili. Akanigeukia: "Huyu kaja lini hapa? Kafuata nini?" Nikajifanya nashughulikia karatasi iliyokwama kwenye printa. Ni kweli mkewe alikuja, mwezi wa Ramadhani, na alichofuata si juu yangu kukisema.

Kompyuta ya tatu, ile ya dirishani, ina kituko chake. Hiyo haisubiri asubuhi: nafuta, nafungua tena kivinjari hapo hapo, majina yapo. Na majina mapya haishiki hata moja, imeng'ang'ania ya zamani tu. Ilianza hivyo tangu siku umeme ulipokatika mtu akiwa katikati ya fomu. Zote tatu natumia Firefox.

Nyongeza, sijui kama inahusu: duka nililinunua kwa mtu pamoja na vifaa vyake. Zile kompyuta mbili zina alama ya kidubu cheupe pembeni ya saa, na aliyeniuzia alinionya kazi za wateja nizihifadhi kwenye diski D, kwani zikiachwa kwenye deskitopu "huwa zinapotea". Fundi aliyekuja baada ya Idi kutufungia printa mpya alianza kwanza kuhangaika na dubu huyo. Ya dirishani haina dubu. Nisaidie kabla yule bwana hajarudi.

Mwenye steisheneri, Ngamiani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote kamwombe radhi mdogo wako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu nimelikuta kwenye hiyo nyongeza uliyodhani haihusu. Mji wetu husifiwa kwa waja leo waondoka leo. Majina yako yamekuja na hayaondoki kwa sababu kuna anayeyarudisha kila alfajiri, naye ni dubu.

Huyo dubu ni alama ya Deep Freeze, programu ya kugandisha kompyuta. Wenye intaneti kafe waliipenda sana, na walikuwa na haki: mteja anakuja na flashi imejaa virusi, mtoto anapachika gemu, mwingine anabadilisha picha ya skrini kwa raha zake. Ukishaigandisha diski, chochote kitakachofanyika baada ya hapo kinawekwa pembeni kwa muda tu, na kompyuta ikizimwa ikawashwa, kinatupwa. Virusi vinatupwa, gemu linatupwa, na barua ya mteja iliyoachwa kwenye deskitopu inatupwa. Ndiyo maana ya huko "kupotea" ulikoambiwa. Diski D haikugandishwa, ndiyo maana huko kazi zinasalimika.

Sasa hapa ndipo unapoumia. Kwa kompyuta, kufuta nako ni badiliko. Wewe unafagia jioni, unafunga duka, asubuhi mashine inarudi vile vile ilivyokuwa siku iliyogandishwa, na majina yote yaliyokuwemo siku hiyo. Kivinjari chako hakina kosa, na kufuta ulifuta kweli.

Siku yenyewe ni ipi? Nakisia ni siku ya printa. Ili printa ikae, fundi alilazimika kuyeyusha, kufunga printa, kisha kugandisha upya. Alichosahau ni kufagia kabla ya kugandisha. Mke wa yule bwana alikuja Ramadhani, fundi akaja baada ya Idi, basi na jina la mama wa watu likagandishwa humo kama samaki kwenye friza. Usiniamini kwa maneno tu. Kesho asubuhi, kabla hujampokea mteja wa kwanza, tafuta kwenye hiyo orodha mtu uliyemjazia jana. Hutamwona. Utawaona wa kabla ya fundi peke yao.

Kwa hiyo mpigie fundi wako akupe nywila ya dubu. Bila hiyo hufiki popote, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ukiipata, shikilia Shift, bofya dubu mara mbili, weka nywila, chagua kompyuta iwake ikiwa imeyeyuka, kisha iwashe upya. Itakapowaka, dubu atakuwa na alama nyekundu ya mkasi (X) inayopepesa. Hapo mashine iko uchi, flashi ya mtu isiingie.

Ndipo ufungue Firefox, ubonyeze Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Litakuja dirisha dogo, na juu yake litakuuliza ufute ya muda gani. Watu wengi wanateleza hapa: mara nyingi limejichagulia saa moja iliyopita, mtu anabonyeza kufuta, anaondoka kifua mbele, kumbe kafuta saa moja ameacha mwaka mzima. Chagua yote. Weka tiki kwenye taarifa za fomu, futa, jaribu herufi "M".

Bado usigandishe. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya historia, chagua kujipangia mwenyewe, kisha ondoa tiki inayoruhusu kivinjari kukumbuka fomu na vitu vilivyotafutwa. Ukiruka hatua hii, mteja wa saa tatu ataonekana na mteja wa saa tano, maana dubu anatupa takataka kompyuta inapowashwa upya tu, katikati ya mchana hajishughulishi. Ukishamaliza, mrudie dubu, mwambie agande. Na usimfukuze kwa hasira. Kwa duka lenye flashi nyingi kama lako, ni mlinzi mzuri.

Ya dirishani ni ugonjwa mwingine kabisa. Firefox huweka mambo ya fomu kwenye faili moja linaloitwa formhistory.sqlite. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, laweza kuharibika: la zamani linasomeka, lakini kuongeza haliongezi na kupunguza halipunguzi. Dalili ulizoandika ndizo hizo hizo. Andika about:support pale juu panapoandikwa anwani, utaona kitufe cha kufungua folda ya profaili. Folda ikishafunguka, funga Firefox yote, madirisha yote, na usubiri kidogo, maana wakati mwingine hujificha nyuma ikiendelea kufanya kazi. Kisha lipe faili hilo jina jingine, lolote. Ukifungua Firefox itajitengenezea jipya, tupu. Ikienda vizuri, lile bovu lifute, na kwenye pipa la taka pia uliondoe; kubadilishwa jina hakukuyaondoa majina ya watu yaliyomo ndani. Na hii nayo izimie kumbukumbu ya fomu kama wenzake.

Faili hilo peke yake, tafadhali. Mimi zamani niliitwa kwenye ofisi moja ya mkonge kwa shida kama hii hii, nikiwa kijana mwenye haraka. Badala ya kuhangaika na faili moja nikafuta folda nzima ya profaili, nikajiona bingwa. Mhasibu aliporudi kutoka kula akakuta nywila zake zote zimekwenda, kwa kuwa nazo zilikuwa humo humo, kwenye faili la logins.json na mwenzake key4.db. Alikuwa hajaandika hata moja kwenye daftari. Chai nilikunywa, malipo sikudai.

Umetaja namba za NIDA kwa kupita, mimi hapo nilisimama. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu akiona namba imeshuka kwenye kisanduku, ameshajua na umri wa mwenyewe. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayekusanya taarifa za watu, hata kwenye chumba kimoja Barabara ya 14, hana ruhusa ya kuziacha zikichungulia nje. Kwa hiyo hii kazi usiipeleke wiki ijayo. Likitokea jina moja la haraka mteja akiwa ameketi, lishukie kwa mshale wa chini bila kubonyeza Enter, kisha bonyeza Delete. Linaondoka lenyewe na mengine yanabaki. Kwa zile mbili za dubu, kumbuka, ni mpaka kesho tu.

Kuhusu yule bwana: akirudi, mwambie kompyuta ilikuwa na hitilafu na imetengenezwa. Akiuliza zaidi, mwambie hata la kwake hakuna atakayeoneshwa. Nadhani hapo atapoa, kwani na yeye alikuja kutafuta kazi, na huenda bosi wake wa sasa hajui.

Jumamosi nitakuwa soko la Mgandini kununua dagaa. Nywila ya dubu ikikosekana kwa fundi, nitapita dukani kwako saa nne. Hiyo karatasi iliyokwama kwenye printa, kama ilikwama kweli, iache hapo hapo nije niitazame.