Kompyuta ya mtumba inayogoma kufungua programu

Kaka, usikimbilie kupiga Windows upya. Umesema ni mtumba wa Windows 7, programu nyingi zinagoma na kila tovuti inaleta onyo la usalama. Anza na saa ya pale chini kulia. Ikisoma 2009, au ukiirekebisha inarudi nyuma kila unapochomoa umeme, betri ya kwenye ubao mama (motherboard, ule ubao mkuu wa ndani) imekufa. Ni ile bapa kama sarafu, CR2032, hata mafundi saa wanayo. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa mashine ikiamini tuko 2009 inaviona vyote batili. Mimi niliwahi kufomati mara mbili bure kabla sijaangalia saa!

Tarehe ikiwa sawa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, utaona kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Kwenye biti 32, programu ya biti 64 haifunguki hata ufanyeje, tafuta toleo lake la 32.

Halafu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni 109, kwa hiyo programu mpya kukataa ni kawaida. Kama prosesa ni ya biti 64, weka Linux Mint ya Xfce (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo lake jepesi), RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, iwe walau GB 4, na diski ya kuzunguka ibadilishe kwa SSD, diski ya kasi isiyozunguka.