Maswali yenu: daftari la shukrani, sentensi za kioo na tumaini lililochoka

Barua za wiki hii karibu zote zimeegemea upande mmoja: moyo umechoka, mtu afanye nini. Zilizouliza tu "nifanyeje niwe na fikra chanya", bila kusema kuhusu jambo gani, nimeziweka pembeni. Wenye barua hizo warudi na swali kamili.

Anti, shikamoo. Nilinunua daftari la shukrani mwezi uliopita. Siku nne za mwanzo nilijisikia vizuri, sasa naandika tu "afya, familia, uhai" halafu nalala. Nimekosea wapi? (Mama wa wawili, Mbagala Rangi Tatu)

Marahaba. Umekosea mahali pawili, na pote panarekebishika.

Kwanza, unaandika vichwa vya habari. "Familia" ni neno la kwenye fomu, moyo haulishiki. Lakini ukiandika "leo jioni mwanangu wa pili alijaza ndoo mbili bila kutumwa, nimerudi nimekuta maji ya kupikia", unakuwa umerudi kwenye tukio lenyewe: unaiona ndoo, unamwona mtoto. Kila mstari uwe na nani, nini na lini. Chini yake ongeza mstari mwingine: kwa nini lilitokea. Huu wa pili wengi wanauruka, na dawa imo humo. Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walichapisha mwaka 2005 jaribio ambalo watu waliandika mambo matatu mazuri kila usiku kwa wiki moja tu, pamoja na sababu ya kila jambo. Miezi sita baadaye walikuwa bado na furaha kuliko wale waliopewa zoezi la kupotezea muda. Ukitafuta sababu unagundua kuwa jema halikudondoka tu. Kuna mtu alilifanya, au ulilifanya wewe, na linaweza kufanyika tena.

Pili, umezidisha dozi. Moyo unazoea kila kitu, hata kushukuru. Mtafiti wa furaha Sonja Lyubomirsky aliwapa watu zoezi hili kwa wiki 6, wengine mara moja kwa wiki, wengine mara tatu. Walionufaika ni wa mara moja. Wale wa mara tatu lilishakuwa kazi ya shule. Jaribio maarufu zaidi la Robert Emmons na Michael McCullough, la mwaka 2003, nalo lilikuwa na kundi lililoandika mara moja kwa wiki, mambo yasiyozidi matano, kwa wiki 10. Basi fanya hivi: wiki ya kuanza andika kila usiku, mambo matatu. Baada ya hapo chagua siku moja tu, dakika 15, na usirudie jambo la wiki iliyopita.

Siku ukikwama, badala ya kuongeza, ondoa. Chukua kitu kimoja ulicho nacho uandike kingeweza kukosekana vipi. Yule jirani aliyekuonyesha chumba unachopanga: angechelewa siku moja dalali angempa mtu mwingine, na leo ungekuwa unalala wapi? Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta kwamba walioandika jinsi ambavyo wangeweza kutokutana na wenzi wao waliridhika zaidi na uhusiano wao kuliko walioandika jinsi walivyokutana. Kinachoshangaza tena ndicho kinachoshukuriwa tena.

Na onyo ambalo hukuliomba: usijaze daftari kwa kuwahesabu walio chini yako. "Afadhali mimi, jirani katolewa vitu nje" hiyo si shukrani. Siku zamu yako ikifika, daftari zima linageuka kukusuta.

Niandike kwenye daftari au kwenye simu? (Tegeta)

Daftari. Simu ukiifungua ili ushukuru unakutana na ujumbe wa deni.

Naomba orodha ya maneno ya kujitamkia kila asubuhi mbele ya kioo ili nifanikiwe. (Mpambanaji, Sinza)

Swali hili linakuja kila mwezi, na kila mwezi jibu ni lilelile: orodha sitoi. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada waliwapa watu sentensi ya kujirudia, yenye maana ya "mimi ni mtu wa kupendeka". Wale waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo ilinyanyua hali zao kidogo tu. Waliojidharau, yaani hasa wale ambao maneno haya wanauziwa, walitoka wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao wasiojirudia chochote. Haishangazi. Ukitamka "mimi ni tajiri" huku umeme wa LUKU umekata, ndani yako kuna sauti inakujibu "tangu lini?", na sauti hiyo ndiyo inayoshinda mabishano.

Kama lazima useme kitu, sema kinachothibitika: "Jana nilimaliza oda tatu. Leo naanza na ya nne saa mbili." Hapo ndani hakuna wa kubisha.

Kuna semina ya fikra chanya, kiingilio laki moja na nusu. Nikope niende? (Kimara)

Hapana. Na kukopa kausha damu ili ukafundishwe kutokuwa na wasiwasi, hapana ya pili.

Nimemaliza chuo, uhasibu, miezi 14 natuma maombi ya kazi. Mama na mchungaji wananiambia nisikate tamaa. Kiukweli sielewi maana yake ni nini kwa vitendo. (Kijana, Magomeni)

Una haki ya kutoelewa. "Usikate tamaa" ni amri isiyokuwa na maelekezo.

Charles Snyder, aliyekuwa profesa wa saikolojia Chuo Kikuu cha Kansas, alilichambua tumaini katika vipande vitatu: lengo, njia za kulifikia, na nguvu ya kuzitumia njia hizo. Ukiwa na lengo bila njia, una hamu tu. Ukiwa na njia bila nguvu, una mpango uliolala. Kwa hiyo badala ya kujiuliza kama una tumaini, jiulize ni kipande gani kimekufa. Kwa barua yako, nguvu unayo. Miezi 14 ya kutuma maombi si mchezo. Kilichokufa ni njia, kwa sababu unayo moja: Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, kisha kungoja. Uko kama abiria wa Magomeni anayeijua barabara ya Jangwani peke yake, siku mto Msimbazi umefurika. Mwenzake anazungukia daraja la Salenda. Anachelewa, lakini Kariakoo anafika.

Anza na lengo dogo lenye tarehe. "Nipate kazi" halipimiki. "Mpaka tarehe 30 niwe nimezungumza ana kwa ana na watu sita wanaofanya kazi ya uhasibu" linapimika, tena liko mikononi mwako. Halafu tafuta njia tatu zisizofanana. Ya maombi rasmi unayo. Ya pili ni watu: wenzako wa darasani walioajiriwa, na msimamizi wako wa fildi, ambaye nina hakika hujampigia tangu akusainie ripoti. Ya tatu ni ujuzi huohuo kwa kiwango cha mtaani: mwenye duka anayechanganyikiwa na risiti za mashine ya EFD na makadirio ya kodi anahitaji mtu wa kumpangia vitabu siku mbili kwa wiki. Malipo yatakuwa madogo, lakini usaili ujao utakuwa na jibu kwa swali la "umefanya nini tangu umalize?"

Sasa sehemu inayowaudhi wauza ndoto. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen na mwenzake waliwafuatilia wahitimu wa chuo nchini Ujerumani kwa miaka miwili. Waliokuwa wakijichorea kichwani picha tamu za kazi waliyokwishaipata walituma maombi machache, wakapata nafasi chache, na mishahara yao ikawa midogo. Waliokuwa na matarajio mazuri yaliyojengwa juu ya waliyowahi kufanya walifanya vizuri zaidi. Picha tamu inakupa utamu wa kufika kabla hujaondoka, mwili unalegea. Dawa yake si kuacha kutamani. Tamani, kisha papo hapo andika kizuizi, tena kizuizi cha ndani yako. "Sina mjomba serikalini" huenda ni kweli, ila hakuna cha kukifanyia Jumatatu asubuhi. "Naona aibu kumpigia niliyesoma naye kwa sababu yeye ana kazi" hicho kinashikika. Kikishikika, kifunge kwa kama na basi: "Kama ni Jumatatu saa tatu na nimeshakunywa chai, basi nampigia mtu mmoja kabla sijafungua WhatsApp." Sharti moja, tendo moja. Ukiandika matano kwa mpigo hutafanya hata moja.

Na yeyote atakayekuambia nafasi ipo ila utume hela ya fomu, ya sare au ya kipimo cha afya kabla ya usaili, huyo ni tapeli. Wanawinda watu wa mwezi wa 14 kwa sababu wanajua tumaini likishikwa na njaa halichagui.

Bosi wetu hajatulipa miezi miwili. Tukidai anasema tumshukuru Mungu tuna kazi, mtaani hakuna. Je, sisi hatuna shukrani? (Watu watatu, Ubungo)

Shukrani ni kwa ulichopewa bila kudai. Mshahara unadaiwa. Anayekuhubiria shukrani juu ya deni lake mwenyewe anatafuta kofuli ya mdomo wako, na hilo linawahusu pia waume wanaojibu "shukuru hata hicho" wakiombwa hela ya matumizi.

Nyinyi watatu kusanyeni mikataba, taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ulipokoma na kumbukumbu za mahudhurio. Andikeni dai kwa barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kupokelewa. Asipojibu, nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mjaze fomu namba 1. Angalieni siku: migogoro ya kuachishwa kazi ina siku 30, mingine kama huu wenu ina siku 60 tangu ulipotokea. Mkizipitisha, itabidi kwanza muombe kuongezewa muda na kueleza sababu za maana, na "tulikuwa tunashukuru" haitakuwa mojawapo.

Nikiona status za watu roho inaniuma. (Bila jina)

Zima status za wanaokuumiza; hawatajua. Kisha jilinganishe na wewe wa mwezi kama huu mwaka jana.

Mdogo wangu, miaka 27, mwezi wa pili sasa hali chakula vizuri, anaamka saa tisa usiku, ameacha hata saluni aliyokuwa anaipenda. Tunamwambia ashukuru kwa sababu ana mtoto mzuri wa miezi minne, lakini ndio kwanza analia. Tumwambie nini? (Dada, Tabata)

Acheni kumwambia ashukuru, kuanzia leo. Mnamwongezea hatia juu ya uchungu: sasa anaumwa na pia anajiona mkosefu wa fadhila.

Ulivyoeleza inafanana na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, ambayo humpata hata mama aliyejifungua mtoto anayempenda. Kipimo cha kuanzia ni wiki mbili: huzuni au kupoteza hamu karibu kila siku, pamoja na usingizi na chakula kuharibika, uchovu, kujiona hana thamani au kuwaza kifo. Nyinyi mko mwezi wa pili. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, kwenu Tabata ni Amana. Wa kwingine wana Temeke na Mwananyamala. Ulizeni kliniki ya afya ya akili na mtaje mapema kwamba amejifungua na ananyonyesha, kwa sababu dawa huchaguliwa kwa kuzingatia hilo. Akipewa dawa, nafuu kwa kawaida huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Wengi huacha wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi. Msimruhusu aache bila daktari.

Muulizeni wazi kama anawaza kufa au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpandikizi wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata saa moja, ondoeni dawa na sumu ya panya ndani ya nyumba, na mwende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kwa sasa sentensi inayomfaa ni "nipe mtoto nimshike, wewe lala." Daftari la shukrani litasubiri.

Nataka kumshukuru mwalimu wangu wa darasa la sita. Naona aibu, miaka 19 imepita. Nianzeje? (Kigamboni)

Andika ukurasa mmoja, usizidi. Taja alichofanya ("ulinilipia ada ya mtihani nilipotaka kuacha shule"), taja kilichobadilika maishani mwako kwa sababu hiyo, taja unafanya nini leo. Sifa za jumla kama "ulikuwa mwalimu bora" kata zote. Kisha usiitume: omba kuonana naye, usiseme sababu, ukamsomee mwenyewe. Ziara ya namna hii ilikuwamo kwenye jaribio lile la Seligman, na ndiyo iliyonyanyua furaha kwa kasi kuliko mazoezi yote, ingawa baada ya mwezi ilianza kupoa. Kwa hiyo weka orodha ya watu wengine.

Aibu unayoihofia, watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliipima mwaka 2018: waandishi wa barua za shukrani walidhani wapokeaji wangejisikia vibaya kuliko ilivyokuwa, na hawakukisia furaha yao ilikuwa kubwa kiasi gani.

Tatizo la Dar ni jingine. Mtu akipigiwa simu baada ya miaka 19 na kuanza kusifiwa, anangoja kusikia "sasa mwalimu, kuna kashida kadogo." Msomee barua, kunywa soda yake, uondoke. Mwezi huo usimwombe hata vocha.