Jibu: Pora wa miezi mitano anamrukia binti yangu

Habari ndugu. Nimekuelewa: pora, yaani jogoo mchanga, uliyemlea mkononi tangu kifaranga sasa anamrukia binti yako kila akienda kuokota mayai.

Kwanza chunguza kama kuna mtu anamchokoza pora huyo kwa fagio au anamkimbia. Ukimkimbia, anajiona ameshinda. Ukimpiga teke, anaona umekubali pambano, na kesho anarudi na hasira zaidi. Wangu niliharibu hivyohivyo, nikampiga mwezi mzima bila faida.

Kilichonisaidia ni kumbeba. Mtazame: kabla ya kuruka anashusha bawa moja na kukujia kiubavuubavu. Hapohapo mnyanyue, mbane mabawa kwapani, tembea naye ukifanya kazi zako kama dakika kumi, mpaka usikie miguu imelegea. Akikataa kushikika mchana, mchukue usiku akiwa kwenye fito. Mimi nilifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili. Na acha kumlisha mkononi; mwaga mahindi chini, yeye asogee kukupisha.

Ana mitetea wangapi? Wakiwa wawili watatu tu watachunika mgongo kwa kupandwa mno. Nane hadi kumi wanamtosha.

Kama ana damu ya kuchi, yaani kuku wa kupigana, kazi itakuwa ngumu zaidi. Akifikisha mwaka bado anashambulia, mchinje, usimzalishe.

Kwa sasa binti asiingie bandani peke yake. Jogoo akiruka, vipi vyake, ile miiba ya miguuni, vinafika usawa wa macho ya mtoto.