Uliza Fundi: Plagi Zinaogelea Kwenye Oili, Nifanye Ovahoo?

SWALI: Fundi, shikamoo. Naendesha teksi hapa Kigoma, Corolla ya injini ya 5A. Nazunguka Mwanga na Ujiji, mara moja moja nafika Kasulu. Mwezi uliopita gari lilianza kumisi, yaani kukatakata likiunguruma, hasa asubuhi na siku za mvua. Fundi alichomoa waya wa plagi namba 3, ukatoka unachuruzika oili. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, niandae fedha ya ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuitengeneza upya. Ajabu ni kwamba gari halitoi moshi na oili haipungui sana. Nimeshaanza kuulizia mkopo. Nishauri kabla sijajifunga.
*Dereva wa teksi, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkopo uache kwanza.

Barua yako imenigusa, kwa sababu hapa Tabora kila mwaka napokea magari ambayo injini imeshushwa na kufunguliwa yote kwa tatizo la mpira. Wewe mwenyewe umeshataja jambo kubwa kuliko yote: gari halitoi moshi. Ringi zikichoka, oili inapanda kwenye chumba cha kuunguzia mafuta, inaungua, na moshi wa bluu unauona kwenye ekzosi. Oili iliyolowesha waya wako haijapita huko. Imetoka juu.

Injini ya 5A ina kemshafti mbili, zile shafti za juu zinazofungua valvu, na plagi zimekaa katikati yake, chini kabisa ya mirija minne. Mirija hiyo inapita ndani ya sehemu ambayo oili inarukaruka muda wote injini ikifanya kazi. Kinachozuia oili isimwagikie humo ni sili ya mpira ya duara, moja juu ya kila mrija, pale tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, inapokalia. Mpira huo ukipikwa na joto miaka mingi unakuwa mgumu kama kwato, hauminyiki tena, na oili inateremka kidogo kidogo hadi inaizamisha plagi. Kifuniko cha mpira cha waya kikishalowa kinavimba na kulegea, umeme unapata njia ya kutorokea pembeni badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Ndiyo maana linamisi, na unyevu wa asubuhi unazidisha.

Ukitaka uhakika, itazame plagi yenyewe juani. Kama sehemu ya juu, kauri na pale spana inaposhika, imelowa, lakini ncha ni kavu na ina rangi ya chai ya maziwa, oili inatoka juu. Ncha ikiwa nyeusi na imelowa, hapo zungumza na fundi habari ya kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, na hata hapo ipimwe kwanza ndipo mtaje ovahoo.

Ila usikimbilie kufungua plagi shimo likiwa limejaa. Nilipokuwa kijana niliwahi kulegeza plagi kwa haraka, oili yote ikadumbukia ndani ya silinda pamoja na mchanga uliokuwa umetulia chini. Tulipowasha, moshi ulifunika uwanja mzima. Oili iliungua ikaisha, lakini nilichokuwa nikikiwaza usiku kucha ni ule mchanga, maana mchanga unakwaruza ukuta wa silinda na mkwaruzo haufutiki. Tangu siku hiyo ninalo bomba kubwa la sindano lenye kipande cha mpira mwembamba. Injini ikiwa imepoa, ninanyonya oili yote, ninakausha shimo kwa kitambaa kilichozungushiwa kwenye waya, ninapuliza upepo, ndipo spana inaingia. Zamani tulikuwa tunamwagia petroli ili shimo lisafike. Usikubali, hasa injini ikiwa bado ya moto.

Dukani usiseme tu “gasketi ya tapeti kava”. Watakupa ile ndefu ya kuzunguka kava peke yake, utaifunga na shimo litajaa tena. Sema unataka na sili nne za mirija, pamoja na mipira ya chini ya nati za kava. Waya zilizolowa badilisha. Kabla ya kuzichomoa ziandikwe namba, kwa kuwa injini hiyo inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 na ukichanganya mbili tu gari litatetemeka.

Simama karibu wakati wa kufunga. Fundi akipaka silikoni kila mahali, mzuie kwa heshima. Silikoni inawekwa kidogo kwenye zile pembe gasketi inapopanda kepu inayoshikilia kemshafti, basi. Inayominyika kwa ndani inakatika vipande, vinashuka hadi kwenye chujio la sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na injini ikikosa oili ndipo ovahoo inakuwa ya kweli. Nati za kava zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Plagi ianze kuzungushwa kwa vidole mpaka ikae. Mwenye toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyutonimita 18 zinatosha, maana hedi, kichwa cha injini plagi zinapofungwa, ni ya aluminiamu na ikiliwa nyuzi utalia.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi wanakiruka: valvu ndogo ya kupumulia injini iliyo kwenye kava, ile yenye mpira unaokwenda kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa. Ichomoe, itikise. Ikilia kachakacha ni nzima. Ikiwa kimya imeziba uchafu, presha ya ndani ya injini haina pa kutokea, na itasukuma oili kupita hata kwenye sili mpya.

Baada ya wiki chomoa waya zote nne, mulika tochi kila shimo. Ukikuta oili tena wakati sili ni mpya na valvu inapumua, mrija wenyewe ndio unaovujisha kule chini unapoingia kwenye hedi. Unang'olewa, unasafishwa na kupakwa silikoni inayostahimili joto, unarudishwa. Pistoni haziguswi.