Mtoto akivimba bandama usimpeleke kuchanjwa chale kwa wembe, na mkitoka wodini rudini mkapime damu

Huku kwetu Muheza ukisikia "mtoto wa fulani ana bandama" ujue wanamaanisha anaumwa, tumbo limejaa upande wa kushoto na kila jirani ana dawa yake. Nimekua nikiamini hivyo hivyo, kwamba bandama ni ugonjwa unaingia mwilini na lazima utolewe. Kumbe bandama kila mtu anayo jamani, wengine wanaiita wengu, ipo kushoto chini ya mbavu, ya mtu mzima asiyeumwa ni kama ngumi yake hivi, na malaria ikiingia yenyewe ndio inahangaika usiku na mchana.

Nimeyajua haya kwa shida. Mwanangu wa pili akiwa na miaka minne alishikwa na malaria kali, degedege likampata ndani ya bajaji tukiwa njiani, kufika wakamkuta na wadudu wengi sana, akalazwa akachomwa artesunate, sindano ya kwanza pale pale, ya pili baada ya masaa 12, ya tatu baada ya masaa 24, akaamka akaomba uji. Tukaruhusiwa na dawa mseto za kumalizia nyumbani. Mama mkwe alivyomshika tu tumbo akasema huyu ana bandama, kesho alfajiri tunampeleka kwa mzee akachanjwe. Nikamwambia mama naomba tusubiri kwanza. Sikukataa kwa kujua chochote, niliuwazia tu ule wembe, umeshapita kwenye matumbo ya watoto wangapi.

Sasa siku ya kumi na mbili hivi tangu alazwe, naona mtoto kapauka, viganja vyeupe, anapumua haraka na mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nikakimbilia duka la dawa, kipimo cha haraka kikasema malaria, nikanunua mseto nikaanza upya. Nilipoteza siku mbili nzima. Tulivyorudi hospitali HB, yaani kiwango cha damu, ilikuwa 4.6, na kwenye hadubini hakuna mdudu hata mmoja. Akaongezewa damu usiku ule.

Dokta wa zamu ndio alinikalisha akanieleza, nami ndio nakupa wewe. Chukulia bandama ni kifumbu cha nazi, tui linapita machicha yanabaki. Chembe nyekundu ya damu ikiwa nzima ni laini, inajikunja inapenya kwenye vitundu vyembamba kuliko yenyewe, ila iliyoingiwa na mdudu inakakamaa, inakwama na kuliwa pale pale. Tumbo la kushoto kuwa gumu ni kifumbu kimejaa machicha, kinafanya kazi yake. Na mdudu naye anajua, huyu aina ya falsiparamu ambaye ndio mdudu wa malaria mwingi huku kwetu akishakomaa kidogo ananata kwenye kuta za mishipa midogo, mpaka ya ubongo, ili asizungushwe na damu akafikishwa kwenye bandama, ndio maana mtoto anaweza kuonekana ana wadudu wachache kwenye kipimo huku hali ni mbaya.

Halafu kuna hili ambalo hakuna aliyeniambia siku ya kuruhusiwa, na liliniuma sana. Artesunate inamuua mdudu akiwa ndani ya chembe, bandama inamng'oa yule mdudu aliyekufa na chembe inaachiwa irudi kwenye damu, kama unavyotoa funza kwenye kidole bila kukata kidole. Kazi ya ajabu kweli. Lakini chembe hiyo imeshajeruhiwa, haimalizi zile siku zake 120, nyingi zinakufa kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, na mtoto aliyekuwa na wadudu wengi ndio anazo nyingi za hivyo, zikifa kwa mkupuo damu inashuka ghafla. Sindano haikuwa na kosa, ndiyo iliyomwokoa. Na kile kipimo cha haraka kinashika mabaki ya mdudu, kinaweza kuendelea kusema malaria wiki kadhaa mtu ameshapona.

Kwa hiyo mwenzangu ukitoka wodini mtoto kachomwa artesunate, andika tarehe ya sindano ya kwanza kwenye kadi yake, siku ya 7 mpeleke akapimwe HB, na tena ya 14, mpaka wiki ya nne uwe unamkagua viganja, ndani ya kope na mkojo. Ukiona weupe au mkojo mweusi usipite dukani, nyoosha hospitali.

Bandama yenyewe iache. Usiikande wala usiifunge kanga ya kubana, na kuchanja ni kumtoa damu mtoto ambaye damu yenyewe hana. Ikiwa imevimba inaweza kupasuka, ni mara chache ila inaua, kwa hiyo mpira na kupanda miembe ngoja kwanza, na maumivu ya ghafla upande wa kushoto yanayopanda mpaka begani ni ya kukimbilia hospitali hata kama ni saa nane usiku. Kama uvimbe haupungui miezi inapita, mwambie dokta atafute na kichocho na selimundu. Na wenye selimundu wengi bandama zao zinakufa mapema tu utotoni, hao homa yao haisubiri kesho.

Mimi dokta alinishika mkono akanionyesha kuipima, unaanzia chini kitovuni unapanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto, mtoto anavuta pumzi, unasikia ukingo unakugonga vidole. Ukianzia juu kwenye mbavu unaweza kuikosa kabisa. Ya mwanangu ilikuwa vidole vitatu chini ya mbavu, mwezi uliofuata kimoja, mwezi wa tatu dokta akaitafuta akaikosa, mtoto anacheka anatekenywa, na mama mkwe kasimama pale pembeni anaomba naye aonyeshwe inavyopimwa.