Msiulize jimbo, ulizeni nyumba

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: ukipata kazi nzuri kwenye eneo linalopigwa na tonado, yaani kimbunga chembamba kinachozunguka kutoka mawinguni hadi ardhini, utahama au utabaki ulipo? Mimi nilihama, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, tukaenda Oklahoma, jimbo la Marekani. Mama alinipigia simu usiku wa manane. "Mwanangu, kazi zipo nyingine." Alikuwa ameona picha za Moore, mji wa huko Oklahoma uliopigwa Mei 3, 1999, kisha ukapigwa tena Mei 20, 2013. Mara ile ya pili walikufa watu 24, saba kati yao wakiwa wanafunzi wa shule moja ya msingi. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sioni kama hofu yake ilikuwa ya bure.

Lakini nilikaa na zile ramani zinazopaka rangi nyekundu maeneo ya tonado nikaona hazinisaidii kuamua. Marekani hupata tonado 1,200 hivi kwa mwaka, na nyingi ni za daraja la EF0 na EF1, madaraja ya chini kabisa kwa nguvu, zile za kuezua vigae na kuvunja matawi. Hata ikija kubwa, mara nyingi njia yake ni nyembamba: mtaa huu unafagiliwa, wa pili taa zinawaka. Nyumba yako kupigwa mwaka huu ni jambo la nadra, hata huko. Sasa ikitokea, mtakuwa mmejificha wapi?

Dalali alitupeleka kwanza kwenye nyumba za trela, zile nyepesi zinazotengenezwa kiwandani na kuvutwa hadi kiwanjani. Kodi nafuu, jiko jipya, mke wangu alishaanza kupanga makochi. Nikakataa. Nyumba ya namna ile hata tonado dhaifu inaweza kuipindua, na wengi wanaokufa huwa wamo humo. Ya tatu ndiyo tuliyochukua. Haina chumba cha chini ya ardhi, kama zilivyo nyingi Oklahoma, ila gerejini kuna kijichumba cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Tuliingia wote wanne, tukafunga mlango, magoti yakigusana. Kisha nikazima taa za nyumba nzima nikahesabu hatua kutoka kitanda cha watoto: 22.

Nilihesabu gizani kwa sababu tonado za usiku ndizo zinazoua zaidi. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeikimbia Oklahoma akahamia Alabama au Tennessee akidhani amepona. Kule milima na miti huzificha tonado, nyingi huja watu wamelala, na nyumba za trela zimejaa. Aprili 27, 2011, Alabama peke yake ilizika zaidi ya watu 200. Na msimu wa tonado, unaopamba moto Aprili hadi Juni, si wa kuuamini sana: Mayfield, Kentucky, ilipigwa usiku wa Desemba 10, 2021.

Jambo jingine ni kujua matangazo. Kuna tangazo la kukaa macho, yaani hali ya hewa inaweza kuzaa tonado. Na kuna onyo: imeonekana kwa macho au kwenye rada, ingia sasa hivi. Kwa wastani onyo hukupa kama dakika kumi hivi, na kuna siku halikupi hata moja. Ving'ora vimewekwa kwa ajili ya walio nje. Ukiwa umelala na kiyoyozi kinanguruma huenda usivisikie. Nunua redio ya hali ya hewa yenye betri, iweke karibu na kitanda.

Ndani ya kile kijichumba tumeweka helmeti za baiskeli na viatu vya kila mmoja wetu, maana anayetoka peku baada ya upepo kupita hukanyaga misumari na vioo. Binti yetu anakua haraka. Kila Machi namjaribisha vile viatu, na kila Machi tunanunua vingine.